Sukari ilipanda, kisha ikashuka tena: kisa cha Daonil, Septrin na figo zilizopungua nguvu

Mama wa miaka 68, uzito kilo 52, alifikishwa hospitali ya wilaya mkoani Tanga saa 12:50 asubuhi akiwa amebebwa na wanawe. Usiku alilala akiwa anaongea vizuri. Alfajiri binti yake alipokwenda kumwamsha kwa swala alimkuta ameloa jasho mpaka shuka, anaguna bila kutamka neno, na mkono wa kulia hauinuki. Jirani mmoja alisema ni kiharusi. Mwingine akasema malaria imepanda kichwani. Binti, kwa kuwa alijua mama yake ana kisukari, alichovya vidole kwenye sukari akampaka ndani ya shavu, kisha akamshika mikono njia nzima hadi hospitali.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, na mama huyu si mtu anayeweza kutambuliwa. Dozi, vipimo na mwendo wa tatizo vimepangwa kufuata jinsi dawa hizi zinavyofanya kazi mwilini na jinsi tatizo lenyewe linavyojitokeza wodini.

Mapokezi walikuta mapigo ya moyo 58 kwa dakika, presha 152/84, joto 36.1, na ngozi ya baridi iliyolowa. Mboni za macho zilikuwa sawa. Alifumbua macho akifinywa, hakufuata maagizo. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha vimelea. Sukari ya kidoleni ilisoma 8.9 mmol/L.

Hapo ndipo kisa kingeweza kupotea. Mwenye sukari ya 8.9, mkono uliolegea na kauli iliyokatika angeandikiwa kiharusi na kuanza safari ya kwenda kupigwa picha ya kichwa kwenye hospitali kubwa, huku ubongo unakosa chakula njiani. Muuguzi aliona vidole vya mgonjwa vinanata. Aliviosha kwa maji na sabuni, akavikausha, akachoma kidole cha mkono mwingine, akafuta tone la kwanza la damu na kupima la pili. Jibu lilikuwa 1.6 mmol/L, sawa na miligramu 29 kwa desilita.

Stripu nyingi za sasa hunyonya damu isiyofika hata maikrolita moja. Chembe za sukari zilizobaki juu ya ngozi, au utomvu wa embe au chungwa lililomenywa punde, zinatosha kupandisha jibu mara kadhaa. Pamba ya spiriti peke yake haitegemewi kuondoa sukari hiyo. Maji ndiyo yanayoiondoa. Kwa mgonjwa wa kisukari aliyebadilika akili, jibu lisiloendana na hali yake lirudiwe kwa kidole kilichooshwa kabla ya uamuzi mwingine wowote. Na mgonjwa asipokuwa na mashine karibu, huku dalili ni hizi, anatibiwa kama sukari imeshuka: sukari ya ziada kwa nusu saa haina madhara makubwa, bali ubongo uliokosa sukari kwa saa kadhaa unaweza usirudi.

Mkono uliolegea nao usimpotoshe mtu. Sukari ikishuka sana, sehemu moja ya ubongo inaweza kuzimika kabla ya nyingine, na mgonjwa akaonekana kapooza upande mmoja. Udhaifu wa aina hiyo huisha sukari ikirudi. Ndiyo maana kila anayedhaniwa kuwa na kiharusi hupimwa sukari kwanza.

Mapigo 58 yalikuwa na maelezo yake. Sukari inaposhuka, mwili humwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anajua kuna kitu hakiko sawa na anakimbilia chai. Mama huyu alikuwa anatumia atenololi ya presha, dawa inayoziba milango ambayo adrenalini huitumia kwenye moyo. Mbio za moyo zilizuiwa. Jasho halizuiwi, kwa sababu mishipa ya fahamu inayoamsha tezi za jasho hutumia kemikali nyingine, asetilikolini, isiyoguswa na atenololi. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za kundi hilo, jasho la ghafla lisilo na sababu mara nyingi ndiyo dalili pekee ya mapema inayobaki. Na atenololi hutolewa na figo, kwa hiyo figo zikidhoofu nayo hujikusanya.

Saa 1:00 aliwekewa kanula kwenye mshipa mkubwa wa kiwiko. Alipewa mililita 50 za dekstrozi asilimia 50 (D50), yaani gramu 25 za sukari, polepole kwa dakika tano, kisha akasukumiwa mililita 20 za maji ya chumvi ili mshipa uoshwe. Uharaka usimfanye mtu aichome kwenye mshipa mdogo wa mgongo wa kiganja: dekstrozi nzito namna hiyo huunguza mshipa, na ikivuja nje inaozesha nyama. Penye D10, yaani dekstrozi asilimia 10, ni salama zaidi kutumia mililita 250 kwa dakika 10 hadi 15. Sukari ni ileile, gramu 25. Mgonjwa mwenye utapiamlo au mnywaji wa pombe huongezewa thiamini miligramu 100 kwenye mshipa, kwa kuwa sukari nyingi bila thiamini huweza kuumiza ubongo.

Saa 1:15 sukari ilikuwa 10.8. Mama alifungua macho, akauliza kwa nini yuko hospitali, akainua mkono wa kulia. Alikunywa chai ya sukari na kipande cha mkate. Wanawe walifurahi, na binti akamwambia muuguzi, "Sista, mama amerudi kabisa. Kama ilikuwa ni sukari tu, si tunaweza kumpeleka nyumbani akapumzike?"

Ombi hilo husikika wodini mara nyingi, na mara nyingine hukubaliwa. Mgonjwa aliyeshuka sukari kwa sababu ya sindano ya insulini fupi huenda akaruhusiwa siku hiyohiyo baada ya kula na kuangaliwa. Aliyeshuka kwa sababu ya glibenklamidi, kidonge cha kisukari, haruhusiwi. Saa 3:40 asubuhi mama huyu alianza tena kutoka jasho na kusinzia katikati ya mazungumzo. Sukari: 2.3.

Mfuko wa dawa ulipomwagwa juu ya meza

Binti alitumwa nyumbani kuleta dawa zote, zikiwemo zile za kununua dukani. Zilikuwa hizi: glibenklamidi, ambayo wengi wanaiita Daonil, miligramu 5 asubuhi na miligramu 5 jioni, metformini miligramu 500 mara mbili, atenololi miligramu 50 mara moja. Hizo ni za kliniki, na amezitumia kwa miaka mingi bila kubadilishiwa. Pembeni kulikuwa na karatasi za diklofenaki miligramu 50, alizokuwa anameza mara mbili kwa siku kwa wiki tatu kwa ajili ya magoti. Na pakiti ya Septrin, kotrimoksazoli ya miligramu 480, iliyonunuliwa kwa sababu ya mkojo unaochoma. Vilinunuliwa vidonge 20, vikabaki 8. Amemeza 12: viwili asubuhi na viwili jioni kwa siku tatu, kama alivyoelekezwa.

Hakuna kidonge hata kimoja kilichozidishwa. Hilo ndilo la kushika katika kisa hiki. Kila dawa ilimezwa kwa kipimo kilichoandikwa, na mgonjwa akakaribia kufa kwa dozi kubwa ya glibenklamidi. Dozi iliyomfaa mwaka juzi ilikuwa imegeuka kuwa kubwa mno, kwa sababu mwili unaoipokea ulikuwa umebadilika.

Binti aliongeza jambo ambalo hakuna karatasi ya dawa ingelionyesha: kwa siku tatu mama hakuwa na hamu ya kula. Jioni ya mwisho alimeza Daonil yake saa 2 usiku na vijiko vichache vya uji.

Kidonge kinachofanya kongosho lisisikie

Ili kuelewa kwa nini gramu 25 za sukari hazikutosha, inabidi kuingia ndani ya kongosho, kwenye seli za beta zinazotengeneza insulini. Katika hali ya kawaida sukari ya damu huingia ndani ya seli hizi na kuchomwa kuwa nishati. Nishati ikiongezeka, milango ya potasiamu kwenye ukuta wa seli hufungwa. Umeme wa ukuta hubadilika. Milango ya kalsiamu hufunguka. Kalsiamu ikiingia, vifuko vya insulini hupasukia nje. Sukari ikishuka, milango ya potasiamu hufunguka tena na insulini hukoma. Kwa mtu mwenye afya, insulini hupunguzwa mapema kabisa, hata kabla sukari haijafika 4.

Glibenklamidi hushika sehemu ya mlango huo wa potasiamu na kuufunga, sukari iwe 15 au iwe 1.5. Seli inaendelea kuamini kwamba mwili umeshiba. Insulini inayotoka inazuia ini lisitoe akiba yake ya sukari, na usiku, wakati mtu halili, ini ndilo linalolisha ubongo. Ubongo wa mtu mzima hutumia takriban gramu 5 za sukari kila saa.

Sasa mwagia gramu 25 za dekstrozi juu ya kongosho la namna hiyo. Sukari inapanda hadi 10.8, na seli za beta zilizokwisha kufungwa milango na dawa zinapata sababu ya pili ya kumwaga insulini. Sukari inashuka tena, pengine chini kuliko mwanzo. Kwa hiyo kumpiga mgonjwa D50 moja baada ya nyingine bila dripu ni kumpandisha na kumwangusha.

Na dawa yenyewe haiondoki haraka. Nguvu ya dozi moja ya glibenklamidi hufika saa 24 hata kwa mwenye figo nzima. Ini huivunja kuwa vipande ambavyo baadhi vyake bado vinashusha sukari. Karibu nusu ya vipande hivyo hutoka kwa nyongo na nusu kwa mkojo. Figo zikilegea, ile nusu ya mkojo inabaki mwilini, na sukari inaweza kuendelea kushuka kwa siku mbili hata tatu. Kusafisha damu kwa mashine hakusaidii kuitoa glibenklamidi, kwa sababu zaidi ya asilimia 99 yake imeng'ang'ania protini za damu.

Figo zilizojificha nyuma ya namba nzuri

Kreatinini ya mama, taka ya damu inayopimwa kujua hali ya figo, siku ya kulazwa ilikuwa 177 µmol/L, sawa na miligramu 2.0 kwa desilita. Kwenye kadi ya kliniki, miezi sita nyuma, kulikuwa na kipimo cha 106, na pembeni yake kuna alama ya vema.

Fanya hesabu ya Cockcroft na Gault, ya kukadiria figo zinasafisha mililita ngapi kwa dakika, ambayo inahitaji kalamu tu: 140 toa umri, zidisha kwa kilo, zidisha kwa 1.04 kwa mwanamke (1.23 kwa mwanamume), gawanya kwa kreatinini kwa µmol/L. Kwa mama huyu 140 toa 68 ni 72. Mara 52, mara 1.04, inakuja karibu 3,894. Gawanya kwa 177 unapata mililita 22 kwa dakika. Gawanya kwa 106 unapata 37.

Yaani hata ile siku alipopigiwa alama ya vema, figo zake zilikuwa zinasafisha chini ya nusu ya kile ambacho mtu mzima mwenye figo imara husafisha. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mama mzee, mwembamba, ana misuli michache, anatoa kreatinini kidogo, na kwa hiyo namba ya maabara inaonekana nzuri wakati figo zimekwisha kurudi nyuma. Kliniki yoyote ya kisukari yenye wazee inapaswa kuandika mililita kwa dakika kwenye kadi, isiishie kwenye kreatinini tupu.

Kutoka 37 hadi 22 kulitokana hasa na diklofenaki, pamoja na kula na kunywa kidogo. Figo ya mtu mzee huendelea kupata damu ya kutosha kwa msaada wa prostaglandini, kemikali zinazoweka mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio ukiwa wazi. Diklofenaki, ibuprofeni na wenzao huondoa maumivu kwa kuzuia kemikali hizohizo kutengenezwa. Mshipa unabana, damu inayochujwa inapungua. Kijana mwenye maji mwilini haoni tofauti. Mzee mwenye kisukari, presha na kiu anaiona ndani ya siku chache. Sehemu ndogo ya kupanda kwa kreatinini inaweza pia kuwa ya trimethoprimu iliyomo ndani ya Septrin, ambayo huzuia kreatinini isitolewe na figo hata pale uchujaji wenyewe haujapungua.

Figo zina kazi nyingine mbili ambazo husahaulika. Zinavunja insulini, na zenyewe hutengeneza sukari mtu anapokuwa na njaa. Figo zikidhoofu, insulini inakaa muda mrefu zaidi na chanzo kimoja cha sukari kinapungua. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake "imekaa vizuri ghafla" bila kubadilisha chakula wala dawa apimwe figo kabla ya kupongezwa. Mama huyu alikuwa na sukari za asubuhi za 4.2 hadi 4.9 kliniki tatu mfululizo. HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, iliyopimwa wodini ilikuwa asilimia 6.2. Kwa umri wake, na kwa dawa anayotumia, hizo ni namba za hatari. Zilipaswa kumfanya mtu apunguze glibenklamidi mapema.

Septrin ilivyoingia

Dawa za jamii ya glibenklamidi zilizaliwa kutokana na jambo lilelile lililomwangusha mama huyu. Mwaka 1942 huko Montpellier, Ufaransa, daktari Marcel Janbon alikuwa anajaribu dawa mpya ya salfa kwa wagonjwa wa homa ya matumbo. Baadhi yao walipata degedege na kuzimia, na ikaonekana sukari zao zimeshuka vibaya. Mwenzake Auguste Loubatières aliifuata alama hiyo kwa majaribio ya wanyama na kuonyesha kwamba dawa ile inafanya kazi kupitia kongosho: mnyama aliyeondolewa kongosho hakushuka sukari. Kutoka hapo zikaja dawa za kwanza za vidonge vya kisukari miaka ya 1950, na glibenklamidi mwishoni mwa miaka ya 1960.

Ndani ya Septrin kuna sulfamethoksazoli, salfa ya kuua bakteria. Inamfikia mgonjwa wa Daonil kwa njia mbili. Kwanza, kwenye ini inabana kimeng'enya kinachoitwa CYP2C9, ambacho ni kimojawapo cha vinavyovunja glibenklamidi. Dawa inabaki nyingi zaidi kwenye damu. Pili, ikijikusanya kwa wingi kwenye damu ya mtu mwenye figo dhaifu, yenyewe huweza kuliamsha kongosho litoe insulini, kama ilivyotokea Montpellier. Vidonge viwili mara mbili kwa siku ni dozi ya mtu mwenye figo nzima. Kwa usafishaji wa kati ya mililita 15 na 30, dozi hukatwa nusu. Mama alipata mara mbili ya aliyostahili.

Madhara ya trimethoprimu yalionekana kwenye potasiamu: 5.6 mmol/L. Huziba njia ambayo figo hutumia kutupa potasiamu, na diklofenaki na atenololi huisukuma juu zaidi. Moyo ulipimwa kwa mashine ya ECG na haukuwa na mabadiliko ya potasiamu. Kwa muda insulini nyingi aliyokuwa nayo iliisukuma potasiamu ndani ya seli; ndiyo maana ilipimwa tena siku ya pili na ya tatu, wakati insulini inapungua na potasiamu inaweza kurudi juu kimyakimya.

Muuzaji wa duka la dawa hakuwa na maabara, lakini alikuwa na mdomo wa kuuliza. Mzee anapofuata Septrin aulizwe: unatumia dawa gani nyingine kila siku, una ugonjwa wa figo au kisukari, unakula na kukojoa kama kawaida? Akitaja Daonil, Septrin isitoke. Akitaja warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, vilevile, maana warfarini huvunjwa na kimeng'enya hichohicho na matokeo yake ni kutokwa damu. Flukonazoli ya fangasi nayo hubana CYP2C9, na mgonjwa wa glibenklamidi anayeandikiwa flukonazoli apimwe sukari kila siku.

Saa 42 za dripu

Baada ya sukari kushuka mara ya pili alipewa tena mililita 50 za D50, na safari hii dripu ya D10 ikafungwa papo hapo kwa mililita 100 kwa saa, yaani gramu 10 za sukari kila saa. Hospitali ilikuwa na D5 na D50 tu. D10 hutengenezwa hivi: kwenye chupa ya mililita 500 za D5 nyonya mililita 55 umwage, kisha ingiza mililita 55 za D50, geuza chupa mara kadhaa ichanganyike, bandika karatasi yenye jina la mchanganyiko, saa na sahihi. Isipochanganywa vizuri, dekstrozi nzito hukaa chini na mgonjwa anapata ya asilimia kubwa mwanzoni na ya maji mwishoni.

Sukari ilipimwa kila dakika 15 mpaka ikasoma zaidi ya 5.5 mara mbili, kisha kila saa. Lengo lilikuwa kati ya 6 na 10. Kuipeleka 15 si ushindi. Kunachochea insulini zaidi. Alihimizwa kula: ugali, ndizi, wali, na kitu kidogo kabla ya kulala. Saa 8 mchana ilishuka hadi 3.6 dripu ikiwa inaendelea, ikapandishwa mililita 130 kwa saa.

Dawa inayogusa tatizo lenyewe ni oktreotidi, maikrogramu 50 chini ya ngozi kila saa 6. Inazuia seli za beta zisitoe insulini, na kwa hiyo inakata mzunguko wa kupanda na kushuka. Hospitali hiyo haikuwa nayo. Penye hospitali ya rufaa yenye oktreotidi, mgonjwa anayeshuka mara ya pili baada ya dekstrozi ndiye wa kupewa. Glukagoni haifai kutegemewa hapa: nguvu yake ni fupi, inahitaji akiba ya sukari kwenye ini ambayo mtu asiyekula siku tatu hana, na yenyewe huamsha insulini.

Dripu ya mililita 130 kwa saa ni zaidi ya lita tatu kwa siku kwa mama wa kilo 52 mwenye figo dhaifu, na yote ni maji yasiyo na chumvi. Mapafu yalisikilizwa kila zamu, mkojo ukapimwa, sodiamu ikaangaliwa mara mbili. Ilishuka kutoka 137 hadi 131, na hapo dripu ikapunguzwa kwa kuwa sukari ilikuwa imeanza kusimama. Kama maji yangezidi, njia ingekuwa kutumia D20 kidogo kidogo kwenye mshipa mkubwa.

Saa 38 baada ya kuanza, dripu ilishushwa hadi 50, baada ya saa nne ikafungwa. Sukari zilizofuata zilikuwa 6.8, 7.4, 9.1. Saa 24 za uangalizi zilihesabiwa tangu dripu ilipofungwa. Anayezihesabu tangu mgonjwa alipozinduka anamruhusu akiwa bado na dawa mwilini.

UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ilitibiwa kwa seftriaksoni gramu 1 kwa siku baada ya kuchukua mkojo wa kuotesha. Nitrofurantoini iliachwa: kwa figo za kiwango hiki haifiki ya kutosha kwenye mkojo na inaweza kuumiza mishipa ya fahamu.

Alivyoondoka, na wiki mbili baadaye

Siku ya tano kreatinini ilikuwa 124, sawa na usafishaji wa mililita 31 hivi. Glibenklamidi ilisimamishwa moja kwa moja. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani yenyewe imeandika kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60, na imeweka gliklazidi badala yake. Bado Daonil ipo kwenye mifuko mingi ya wazee wetu kwa sababu ni rahisi na ipo kila mahali, na hilo linaumiza kwa sababu madhara yake yanajulikana. Metformini nayo ilisimamishwa. Peke yake haishushi sukari namna hii, ila chini ya mililita 30 haitumiwi kwa hofu ya asidi ya laktiki kujaa kwenye damu, na figo zake zilikuwa mpakani. Diklofenaki ilibadilishwa kwa parasetamoli gramu 1 kila saa 8, na atenololi kwa amlodipini miligramu 5.

Aliondoka bila dawa yoyote ya kisukari. Familia inashtuka kusikia hivyo, kwa hiyo walielezwa lengo jipya: sukari za asubuhi kati ya 6 na 10, HbA1c chini ya asilimia 8. Binti alifundishwa cha kufanya jasho likitoka tena: akiwa anameza, vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, apime baada ya dakika 15, kisha ale chakula cha wanga. Akiwa hamezi, asimwagiwe kitu mdomoni, alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali. Mgonjwa wa vidonge vya kundi hili hupelekwa hospitali hata akizinduka nyumbani. Suala la Ramadhani lilizungumzwa palepale: kwa figo hizi alishauriwa asifunge mwaka huo, na kwamba anayetumia dawa za kushusha sukari asipange dozi ya daku mwenyewe bila kliniki.

Baada ya wiki mbili sukari zake za asubuhi zilikuwa kati ya 7.8 na 9.6, kreatinini 115, usafishaji karibu 34. Mkono wa kulia ulikuwa na nguvu kamili. Kliniki iliamua kumwacha hivyo mpaka HbA1c ya miezi mitatu. Ikivuka asilimia 8.5 atapewa linagliptini miligramu 5, isiyohitaji kupunguzwa kwa ajili ya figo, na bei ikishindikana, insulini ya usiku kuanzia yuniti 5. Juu ya kadi, kwa wino mwekundu, imeandikwa mililita 34 kwa dakika na tarehe ya kipimo, na chini yake dawa tatu asizouziwa: glibenklamidi, diklofenaki na jamii yake, kotrimoksazoli. Binti huibeba kadi hiyo kila anapotumwa duka la dawa.